Jogoo mwekundu kwa mitetea wa milia, au kinyume chake? Kuchagua na kuchanganya kuku wa nyumbani

Uani15

Habari wadau. Naomba ushauri kabla sijaanza kukusanya mayai ya kutotolesha.

Nafasi ni ya kuku 15 tu: banda la mita 2 kwa 3, na uwanja wa wavu wenye mita za mraba kama 25. Msimu wa joto mchana hufika nyuzi 34, usiku hushuka hadi 16. Watoto wadogo huingia uwanjani kila siku, kwa hiyo sihitaji kuku wa kupaparika kila mlango ukifunguliwa, wala jogoo wa kurukia watu. Lengo ni mayai. Nyama ni ya ziada.

Waliopo ni jogoo mmoja wa Rhode Island Red, jogoo mmoja kishingo (wa shingo tupu) mwekundu, mitetea wanne wa Plymouth Rock wenye milia, mitetea watatu weupe wa Leghorn, na mitetea wawili wa kahawia, wale chotara wa mayai wanaouzwa wakiwa vifaranga. Wote wanakaa pamoja.

Nani apandwe na nani? Wale wa kahawia wanataga kuliko wote, je, si rahisi zaidi kutotolesha mayai yao? Kishingo anasaidia kweli kwenye joto au ni maneno tu? Na chotara nitakaowapata, naweza kuendelea kuzalisha kutoka kwao?

---

MbeguSafi

Mkuu, umeanza pazuri, maana hilo la nani apandwe na nani ndilo linalowapotezea wengi msimu mzima. Jogoo mwekundu, yaani yule Rhode Island Red, aende kwa mitetea wa milia. Usigeuze.

Kwa kuku, jogoo ana kromosomu Z mbili (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni, yaani vinasaba vya urithi). Mtetea ana Z moja na W moja. Jeni ya milia inakaa kwenye Z. Mtetea wa milia ana Z moja tu ya kutoa, na hiyo humpa mwanawe wa kiume. Binti hupewa W na mama, na Z yake huipata kwa baba. Kwa lugha nyepesi: kwa kila kinachokaa kwenye Z, binti hufuata baba. Sasa baba akiwa hana milia na mama anayo, vifaranga wote wa kiume watakuwa na milia na wa kike wote hawatakuwa nayo.

Siku ya kwanza milia yenyewe haionekani, lakini alama yake ipo. Subiri kifaranga akauke kabisa, mshike chini ya mwanga mzuri, umtazame utosini. Wote watakuwa weusi. Dume ana doa jeupe au la manjano hafifu juu ya kichwa karibu na kisogo, wakati mwingine duara safi, wakati mwingine limechanikachanika. Jike kichwa chake ni cheusi kitupu. Usidanganywe na weupe wa tumboni au kwenye ncha za mabawa, huo wote wawili wanaweza kuwa nao. Tazama kichwa tu, tenga siku hiyo hiyo na uweke alama, kwa sababu manyoya yakianza kuota lile doa linapotea na utasubiri wiki kadhaa kabla ya kuona milia.

Ukigeuza, yaani jogoo wa milia kwa mitetea wekundu, baba anawapa milia watoto wote, wa kiume na wa kike. Kuku watakuwa wazuri tu, lakini utalisha majogoo nusu ya kundi kwa miezi miwili ukidhani ni mitetea.

Mtetea wa mchanganyiko huu hutoka mweusi mwenye wekundu shingoni na kifuani, hufikia kilo 2.3 hadi 2.7 hivi, hutaga yai la kahawia, na mwaka wa kwanza akilishwa chakula kamili cha kuku wa mayai hupita mayai 240. Ametulia. Mama ni mpole, baba kwa kawaida ni mtulivu ingawa majogoo wekundu wengine ni wakorofi, na hilo wengine watalisema.

Wale wa kahawia usiwatotoleshe kwa matumaini ya kupata wengine kama wao. Wao ndio mwisho wa mstari: baba yao ni wa ukoo mmoja uliochaguliwa miaka mingi, mama yao wa ukoo mwingine, na kila ukoo umetokana na koo nyingine tena. Ukizalisha kutoka kwao, vile vilivyokusanywa vinatawanyika. Mmoja atataga kama mama yake, mwingine nusu yake, rangi zitachanganyika na ukubwa wa mayai utapishana. Tena hata ile njia ya kutambua jinsia kwa rangi hawawezi kukupa. Wao walitofautishwa kwa sababu mama yao alikuwa na jeni ya rangi ya fedha kwenye Z na baba akawa na ya dhahabu. Wao wenyewe, kwa kuwa binti hufuata baba, wamebaki na dhahabu. Jogoo mwekundu naye ni dhahabu. Dhahabu juu ya dhahabu, hakuna cha kutenganisha.

Ukitaka vifaranga wa aina hiyo wa kutambulika kwa rangi, mama awe Light Sussex au mwingine mwenye jeni ya fedha, baba awe Rhode Island Red. Dume hutoka manjano iliyopauka, jike hutoka wa kahawia nyekundu. Hapo pia mwelekeo haugeuki.

Leghorn ni mashine ya mayai, mwili wa kilo 2 tu, hula kidogo na joto analivumilia. Ila ni mwoga. Ukimpandisha na jogoo mwekundu utapata kuku weupe wenye madoa machache meusi, mayai ya rangi ya maziwa, utagaji wa juu, na uoga uliopungua kidogo tu. Rangi haitakusaidia kutenganisha jinsia, kwani weupe wa Leghorn hufunika rangi nyingine, na chini yake anaweza kuficha milia na fedha bila wewe kujua. Kwa uwanja unaoingiwa na watoto, waache watage mayai yao, usiwatotoleshe.

---

KivuliNaMaji

Kuhusu kishingo: si maneno tu, ila inategemea usiku wako.

Kuku hana tezi za jasho. Joto hulitoa kwa sehemu zisizo na manyoya, yaani upanga wa kichwani, ndevu, miguu na ngozi ya chini ya mabawa, na likizidi hufungua mdomo na kuhema. Jeni ya kishingo hupunguza manyoya ya mwili mzima, si ya shingo peke yake: aliyepata jeni hiyo kwa mzazi mmoja ana upungufu wa asilimia 20 hadi 30, aliyepata kwa wote wawili karibu 40. Ngozi iliyo wazi inatoa joto, na protini ambayo ingekwenda kwenye manyoya inatumika kwingine.

Faida hiyo huonekana sana pale ambapo usiku nao una joto, kuku hana saa hata moja ya kupoa. Kwako usiku ni nyuzi 16. Kuku atakayehema saa nane mchana atakuwa amepoa kabla ya usiku wa manane. Kwa hali hiyo kivuli, banda linalopitisha upepo juu ya vichwa vyao na maji ya baridi vitakusaidia kuliko kishingo, tena msimu wa baridi kishingo hula zaidi ili kujipasha. Kama usiku wako ungekuwa wa nyuzi 26 ningesema kinyume.

Kutambua jogoo wako ana dozi ngapi, yaani jeni hiyo ameipata kwa mzazi mmoja au kwa wote wawili, mtazame shingo kwa mbele, juu kidogo ya kifua. Akiwa na kishada cha manyoya hapo, ana dozi moja, na nusu tu ya watoto wake watakuwa vishingo. Shingo ikiwa tupu kabisa au ina vinyoya viwili vitatu, ana dozi mbili, na watoto wote watatoka vishingo wenye kishada. Kwa kifaranga inaonekana siku ile ile anapototolewa. Na kwa kuwa kishingo hubaki na manyoya utosini, lile doa la MbeguSafi litaonekana vilevile, mradi jogoo hana milia wala ule weupe unaofunika rangi.

Kuna wanaopenda kidimu pia kwa joto, yule wa manyoya yaliyojipinda kwenda nje. Hapo kuna mtego: usipandishe kidimu kwa kidimu. Robo ya watoto hupata dozi mbili, manyoya yao hukatikakatika na kuku hubaki karibu uchi, mvua moja ya usiku inamwangusha. Kidimu apandishwe na mwenye manyoya ya kawaida, utapata nusu kwa nusu.

Jambo jingine ambalo watu hulilaumu kwa aina ya kuku ilhali ni joto: maganda mepesi. Kuku akihema sana anapoteza hewa ya ukaa iliyo kwenye damu. Ganda ni kalsiamu kabonati, na hiyo kabonati inatoka kwenye hewa ya ukaa. Kwa hiyo unaweza kuongeza chokaa hadi chombo kifurike, ganda libaki jepesi, kwa sababu kilichopungua si kalsiamu. Punguza joto kwanza. Kisha weka chokaa ya chembe kubwa au makombe yaliyopondwa chombo chake peke yake jioni, maana ganda hujengwa kwa saa kama 20 na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni usiku, wakati chakula cha asubuhi kimeshapita tumboni. Chakula chenyewe wape alfajiri na jioni. Kumeng'enya chakula kunazalisha joto, ukiwajaza saa sita mchana unawaongezea mzigo.

---

Uani15

Asanteni sana. Jogoo kishingo ana kishada, kwa hiyo ni dozi moja. Nimeelewa kuhusu usiku.

Sasa, kwa kuwa majogoo wawili wamekuwa na mitetea wote, nikimtoa kishingo leo naweza kuanza kukusanya mayai kesho? Na kuhusu jogoo mwekundu, nitajuaje kama atazaa watoto wakorofi?

---

Siku21

Kesho hapana. Mtetea ana vijifuko vidogo kwenye njia ya yai vinavyohifadhi mbegu za jogoo, na mbegu hizo hubaki hai wiki mbili hadi tatu, mara nyingine zaidi. Ukikusanya mayai kesho, nusu ya vifaranga wanaweza kuwa wa kishingo.

Tenga mitetea wanne wa milia leo. Ukitaka uhakika, wakae bila jogoo yeyote kwa siku 21 hadi 28, halafu ndipo umwingize mwekundu. Kuanzia siku ya saba hadi ya kumi baada ya kumwingiza mayai mengi yatakuwa na mbegu, anza kukusanya hapo. Wapo wanaomwingiza jogoo mpya mara moja wakitegemea kwamba mbegu mpya hushinda za zamani. Mara nyingi hushinda, lakini "mara nyingi" haitakusaidia unapotaka kujua baba ni nani. Kwako una bahati moja, kifaranga mwenye shingo tupu atajisema mwenyewe. Shida ni ile nusu nyingine ya watoto wa kishingo, wasio na alama yoyote.

Kwa jogoo mmoja, mitetea wanne ni wachache mno. Uwiano wa kawaida kwa kuku wazito ni jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10. Kwa wanne atawachuna manyoya ya mgongoni na kisogoni. Mtoe siku mbili, mrudishe moja, mbegu hazitapungua. Akiwa na kucha ndefu au miiba mikali ya miguuni, chonga ncha.

Hesabu ya mayai. Tuseme unataka mitetea kama 14. Chukua mayai 48: yenye mbegu asilimia 85, yaani 41 hivi. Kati ya hayo yanatotolewa asilimia 80, vifaranga 33. Nusu ni majike, 16. Ondoa wawili kwa vifo na vilema, umefika. Mitetea wanne watakupa mayai matatu kwa siku, na hapa ndipo penye kikwazo: mayai 48 ni siku 16, wakati yai la kutotolesha linafaa sana likiwa halijapita siku 7. Baada ya hapo kila siku inakula uwezo wake wa kutotolewa. Kwa hiyo fanya awamu mbili za mayai 24. Awamu zitofautiane wiki mbili hivi, na vifaranga wakubwa usiwachanganye na wadogo mpaka walingane, watawadonoa.

Yahifadhi mahali penye nyuzi 13 hadi 16, ncha ikitazama chini, usiyaoshe. Chagua ya gramu 55 hadi 65, umbo la kawaida, ganda laini lisilo na matuta. Kwenye mashine yenye feni weka nyuzi 37.5. Isiyo na feni, kipimajoto kikae usawa wa juu ya mayai na kisome kama nyuzi 38.3. Unyevu asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70. Geuza mara tatu kwa siku au tano, idadi isiyogawanyika kwa mbili ili yai lisilale usiku upande ule ule kila siku. Siku ya 18 acha kugeuza, na mfuniko usifunguliwe mpaka wametoka na kukauka. Kufungua ili kuchungulia ndiko kunakokausha utando wa yai lililokwisha kudonolewa, kifaranga akabaki amenaswa humo.

---

TabiaKwanza

Naongezea hapo kwenye ukorofi, maana jogoo mmoja ni nusu ya damu ya kundi lako lote.

Tabia ina sehemu mbili, ya kurithi na ya malezi, na wewe unatakiwa kuzitenganisha. Kuku aliyelishwa mkononi tangu kifaranga ataonekana mpole hata kama damu yake si ya upole. Kwa hiyo usimpime kwa kula mkononi. Mpime kwa mambo asiyoyazoea. Ingia uwanjani umevaa kofia au nguo ya rangi kali, umebeba ndoo, tembea polepole katikati yao bila chakula. Jogoo anayefaa atapiga kelele ya tahadhari, atasimama kati yako na mitetea, kisha atawaongoza pembeni. Anayeshusha bawa na kukuzunguka kwa hatua za ubavu anakujaribu. Anayekurukia miguuni, hasa ukimpa mgongo, huyo hafai kuwa mbegu hata kama ana mwili wa kupendeza. Na uwanja wa watoto si mahali pa kujaribu kumrekebisha.

Subiri umri. Jogoo wa miezi minne ni mpole kwa sababu bado mtoto. Homoni zikipanda, kati ya miezi sita na mwaka, ndipo sura yake halisi hutoka. Kama wako hajafika hapo, usimhukumu bado.

Kwa mitetea fanya jaribio la usiku. Wakiwa wamelala kwenye kichanja, ingia na tochi yenye mwanga hafifu, weka kiganja mgongoni mwa kila mmoja. Wa kutulia atanguruma kidogo na kurudi usingizini. Wa woga ataruka gizani na kugonga ukuta. Rudia siku tatu tofauti na uandike namba za pete zao. Mayai ya waoga usiyaweke kwenye mashine.

Kudonoana mpaka damu ni habari nyingine. Kunarithiwa kwa kiasi, lakini kabla hujalaumu damu angalia msongamano, mwanga mkali bandani, na protini. Kuku wa mayai anahitaji chakula chenye protini asilimia 16 hadi 18. Ukikipunguza kwa kuchanganya nafaka nyingi, methionini, mojawapo ya vijenzi vya protini, hupungua, na kuku anaweza kuanza kuitafuta kwenye manyoya ya mwenzake. Banda lako la mita za mraba 6 kwa kuku 15 ni sawa. Weka kichanja chenye sentimita 20 hadi 25 kwa kila kuku na viota vitatu au vinne.

Na yeyote anayefikiria kuongeza damu ya kuchi ili apate mwili mkubwa: huo ni uzao wa kupigana, miguu mirefu na mayai machache. Kwa lengo la mleta mada haufai.

---

UpepoWaMlimani

Samahani kuingilia. Na sisi ambao usiku maji huganda, tufuate ushauri huu huu?

---

KivuliNaMaji

Geuza karibu kila kitu. Kwenye baridi kali upanga mkubwa ulio wima huganda ncha, zikawa nyeusi na kudondoka, na jogoo mwenye maumivu hayo hapandi. Tafuta upanga mdogo uliolala, kama wa Wyandotte, au wa safu tatu fupi kama wa Brahma. Mwili mzito na manyoya mengi. Tahadhari mbili: majogoo wenye dozi mbili za ule upanga uliolala wa Wyandotte mbegu zao huwa dhaifu zaidi, kwa hiyo jogoo mwenye dozi moja si hasara. Pili, Brahma ana manyoya miguuni, penye tope hushika madonge na kuficha utitiri wa magamba. Baridi kavu anaiweza, baridi yenye matope inamtesa. Na usizibe banda mpaka hewa isipite, unyevu wa pumzi zao ndio unaogandisha upanga kuliko baridi yenyewe.

---

MbeguSafi

Nirudi kwenye swali la mwisho la mleta mada, la kuendelea kuzalisha kutoka kwa chotara.

Jogoo chotara atakuwa na dozi moja ya milia, mtetea chotara hana. Ukiwapandisha wao kwa wao, nusu ya madume na nusu ya majike watakuwa na milia. Ile alama ya kichwani imekufa siku hiyo. Nguvu ya uchotara, yaani ile ya ziada ambayo chotara huwa nayo kuliko wazazi wake, nayo hupungua kwa nusu kizazi hicho cha pili, na tabia zilizokuwa zimefichwa zinaanza kujitokeza, mojawapo ikiwa kuatamia. Charles Darwin alishaliandika hilo karne ya 19: aina mbili zisizoatamia zikichanganywa, watoto wakati mwingine wanaatamia. Mtetea anayeatamia anaacha kutaga wiki kadhaa.

Kwa hiyo chotara watage, wasizae. Ukihitaji wengine, rudi kwa wazazi.

Na hapo, mkuu, una pengo ambalo hujalitaja. Huna jogoo wa milia. Mitetea wako wanne watapungua utagaji mwaka hadi mwaka, na wakizeeka hakuna wa kuwarithi. Tafuta jogoo wa Plymouth Rock asiye na undugu nao, au mayai ya ukoo safi, mapema kabla hawajafika mwaka wa tatu. Ukimchagua, mlinganishe rangi na mitetea. Jogoo safi ana dozi mbili za milia, na huonekana mweupe zaidi kuliko mtetea, mistari ya weupe mipana. Jogoo mwenye weusi sawa na mtetea anaelekea kuwa chotara wa dozi moja, hata kama muuzaji anaapa.

---

DamuTatu

Sikubaliani kabisa na "chotara watage, wasizae". Kwa mtu asiye na nafasi ya kutunza koo mbili safi, kuna njia ya mzunguko. Gawa kundi katika familia tatu. Mitetea hukaa katika familia ya mama yao maisha yote. Majogoo ndio wanaohama: wa kwanza kwenda ya pili, wa pili kwenda ya tatu, wa tatu kwenda ya kwanza, kila msimu. Kaka hampandi dada. Undugu wa karibu ndio unaoua utotoaji: ukipandisha kaka na dada, mayai yenye mbegu yapo lakini vifaranga wanafia ndani wiki ya tatu na watu wanalaumu mashine.

Ni kweli utapoteza alama ya kichwani. Unachopata ni kundi linalojichagua kwa mazingira yako. Ila uchague kwa akili. Idadi ya mayai hairithiwi kwa nguvu, uzito wa mwili na wa yai ndio hurithiwa kwa nguvu. Kwa hiyo mtetea mmoja aliyetaga sana si ushahidi wa kutosha, tazama dada zake wote. Jogoo mchague kwa rekodi ya mama yake na dada zake, kwa sababu nusu ya jeni za mayai anazo yeye na haziandikwi popote mwilini mwake.

Kutambua nani anataga bila kukaa kiotani: mshike mtetea, pima mifupa miwili ya nyonga chini ya mkia. Vidole viwili au vitatu vinapita kati yake, anataga. Kimoja hakipiti, hatagi. Kwa wenye miguu ya manjano, kama Plymouth Rock na Rhode Island Red, rangi ya manjano huhamia kwenye mayai na kupotea mwilini kwa mpangilio: kwanza tundu la kutagia, kisha ukingo wa jicho, mdomo kuanzia shinani, mwisho miguu. Mtetea mwenye miguu iliyopauka baada ya miezi sita ya kutaga amefanya kazi. Mwenye miguu inayong'aa manjano kama siku ya kwanza amekula tu.

---

MbeguSafi

DamuTatu, hapo kwa familia tatu tuko pamoja, lakini familia tatu kwenye kuku 15 ni mitetea wanne wanne na majogoo watatu ndani ya mita za mraba 25, pamoja na watoto. Kwa eneo hilo majogoo watatu watapigana kutwa. Kwenye eneo la kutenga mabanda matatu nakubali bila ubishi.

---

Uani15

Nimeamua: jogoo mwekundu kwa wa milia, kishingo anatoka leo, na natafuta jogoo wa milia wa ukoo mwingine. Jogoo mpya akija nimwingize moja kwa moja?

---

Siku21

Hapana, mtenge siku 30, chombo cha maji chake, na umhudumie wa mwisho ili viatu vyako visibebe kitu kurudi kwa wengine. Uliza amechanjwa nini. Mdondo (kideri) haujali kuku ni wa aina gani, chotara wako watahitaji chanjo kama wengine, na ndui nayo. Uliza pia kama ukoo wake umepimwa kuhara nyeupe, kwa sababu huo ni ugonjwa unaopita ndani ya yai, na yai moja la namna hiyo kwenye mashine linaweza kuambukiza vifaranga wengine waliototolewa humo.

Na siku ya kukusanya, andika kwenye kila yai tarehe na namba ya mtetea kwa penseli. Si kalamu ya wino wala ya spiriti, ganda lina matundu.